Sauti za Jukwaa la Jua

Katika besiboli, mtu akiupiga mpira hukimbia akapita vituo vitatu, na akifanikiwa kurudi pale alipoanzia, wanasema amefika nyumbani. Pointi hupatikana hapo tu. Unaweza kukimbia kuwashinda wote, ukafika kituo cha tatu, nyumbani unakuona kwa macho, ukafia hapo hapo na kisihesabiwe chochote. Nilipoelezwa hayo mara ya kwanza nilikuwa nimeshika ndoo ya chokaa, nikacheka hadi aliyekuwa akinieleza akadhani namcheka yeye. Nilikuwa nawafikiria watu wa chumba chetu cha vibarua Al Nahda, kila mmoja na kwao alikoshindwa kurudi.

Nilifika kwenye kiwanja kile kama nilivyofika kila mahali Dubai, kwa kuhama. Kampuni ya vibarua iliyoshika viza yangu ilinipeleka popote palipotakiwa mikono, na nikichoka mahali nilimwomba msimamizi anisogeze. Nilifunga katoni za vyombo Naif, zilizokuwa zikisafirishwa Mombasa na Dar. Nikabeba vioo kwenye karakana Al Quoz. Sikufukuzwa hata mahali pamoja, niliondoka tu. Shule nayo niliiacha hivyo hivyo kabla ya kumaliza darasa la saba, bila ugomvi na mtu, na tangu hapo nimekuwa mtu wa kuuliza maswali mahali nisipotumwa kuuliza.

Kiwanja kilikuwa nyuma ya maghala ya Al Quoz, zamani kikichezewa kriketi. Matajiri fulani walikuwa wameanzisha ligi ya kulipwa, timu nne zikigawana kiwanja kimoja, miezi ya baridi tu. Wachezaji walitoka Marekani, Japani na visiwa vya Karibi, na wengi wao umri ulikuwa umeshaanza kuwatupa mkono. Kazi yangu ilikuwa kuchora mistari ya chokaa, kufagia vituo na kumwagilia udongo usiruke vumbi. Mchezo wenyewe sikuuona mgeni sana. Shuleni kwetu Kitale wasichana walicheza raunda na gongo la mti, nasi wavulana tulijifanya hatutazami.

Palikuwa na majukwaa mawili. Moja lilikuwa na paa, viti vya plastiki vya buluu na feni za kupuliza maji. Hilo liliuzwa kwa familia, na viti vyake vingi vilikaa wazi. La pili lilikuwa mabati na mbao upande wa jua. Kamera zilielekea huko, na meneja mkuu hakutaka picha zionyeshe mbao tupu, kwa hiyo kila Ijumaa tiketi za bure zilipelekwa kwenye kambi za wafanyakazi na kampuni za ulinzi. Mabasi yalifika alasiri na taulo za wafanyakazi zimeanikwa madirishani. Wakashuka walinzi, wafagizi, wahudumu wa hoteli waliokuwa na mapumziko, Waganda wengi, Wakenya, Watanzania wachache. Walikaa, wakatazama watu wakisimama uwanjani bila kufanya lolote kwa muda mrefu, na nusu yao wakalala.

Miongoni mwao alikuwa rafiki yangu wa chumbani, mlinzi Mganda mwenye kifua kipana na sauti nyembamba kama filimbi. Kiswahili chake alikiokota Busia, mpakani, na hakuogopa kukitumia. Siku hiyo ya kwanza aliniita kutoka jukwaani.

"Wewe wa chokaa! Njoo utuambie, hawa wanangoja nini?"

Nilikwenda nikamweleza. Wa nyuma yake wakasema hawasikii. Pembeni palikuwa na kipaza sauti cha mkononi kilichowekwa kwa ajili ya hatari ya moto, nikakichukua, na hivyo ndivyo nilivyoanza kutangaza. Sikuwa na maneno ya kitaalamu. Niliwaambia yule anarusha, yule anadaka, yule pale kituo cha kwanza amesogea kidogo kwa sababu anataka kuiba cha pili.

"Kuiba?" mtu akauliza.

"Ndiyo. Mrushaji akizubaa, anakimbia. Wao wenyewe wanaita kuiba, na ni halali."

Mkimbiaji yule, mtu mwembamba wa Karibi, akachomoka wakati huo huo. Rafiki yangu akaruka juu.

"Mwizi! Mwizi huyo! Kamata!"

Kila aliyekulia kwetu anajua kelele hiyo inavyopokewa. Hakuna anayeuliza kaiba nini. Jukwaa zima lilisimama, usingizi ukaisha, "mwizi" ikapigwa kwenye mabati mpaka mrushaji akashika mpira asijue autupe wapi. Tangu siku hiyo mkimbiaji yule tukamwita kibaka, kwa mapenzi, naye alipoelezwa maana yake alivua kofia akatuinamia.

Baadaye kidogo kibaka huyo akazunguka vituo vyote. Nikatangaza, "Amefika nyumbani salama!" Mkenya mmoja wa safu ya juu akauliza kwa sauti ya shangazi:

"Umetuletea nini?"

Sijapata kuona watu wakicheka vile Dubai. Wengine walishika vichwa. Kila mmoja pale alikuwa amelisikia swali hilo kwenye simu, kutoka kwa mama, kwa shemeji, kwa jirani ambaye hata hamkumbuki vizuri. Mtu hajanunua tiketi, tayari anaulizwa. Wiki iliyofuata kibaka alifika nyumbani, akasikia wote wanamwimbia swali lile, akaingiza mkono mfukoni akaturushia paketi ya chingamu. Kuanzia hapo ikawa sheria. Anayefika nyumbani huja na zawadi: peremende, soksi, mara moja ndizi.

Watu wa jukwaa la kivuli wakaanza kugeuza viti vyao kututazama sisi. Watoto wao walijifunza kusema "mwizi" kabla ya kujua mpira unapigwaje.

Aliyeshika kazi ya tiketi na matangazo alikuwa mwanamke wa Kizanzibari, aliyezaliwa Dubai katika moja ya zile familia zilizohamia huko siku nyingi. Alivaa abaya iliyopigwa pasi vizuri na viatu vya michezo chini yake. Sisi vibarua hatukujua kama anasema Kiswahili hadi siku aliponikuta nikimzomea paka aliyelala juu ya mstari wangu wa chokaa. Akasimama.

"Khe! Wee mtu wa wapi?"

Nikamwambia, Kenya, Kitale, madam.

"Madam nani? Usiniite hivyo. Mie dada yako."

Nikamwita dada, na nilimaanisha. Hamjui neno hilo lina uzito gani mahali ambapo siku nzima unaharakishwa kwa yalla, unakatizwa kwa khalas, na wewe unajibu sir na madam. Aliniletea kofia nisichomwe na jua. Alinifundisha kushika kipaza sauti mbali kidogo na mdomo. Nami nilimuuliza maswali yangu yote: kwa nini kivuli kinauzwa ghali na hakijai, nani anazilipia feni, kwa nini mechi isicheleweshwe jua lipungue. Hakuwahi kunijibu kwa kunidharau. Aliniambia meneja mkuu ana msemo anaourudia kila kikao, kwamba asiyecheka hanunui. Matajiri wenye ligi nao wana wao, kwamba aliyecheka bure hanunui pia. "Mie niko katikati hapo," alisema, "kila siku nashona mfuko uliotoboka huku wao wakitia mkono."

Alikuwa na akili ya kazi. Aliona zawadi za kibaka, akamshawishi muuza vinywaji fulani atoe kofia zenye nembo ya ligi ili mchezaji akifika nyumbani azirushe jukwaa la jua. Watu walizigombania wakianguka juu ya wenzao. Hazikutosha kamwe, na rafiki yangu mlinzi, kwa ukubwa wake wote, hakupata hata moja.

Msimu ulipofika katikati, minong'ono ikaanza. Kampuni moja kubwa ilitaka kuweka jina lake juu ya kiwanja. Ilisemekana hawapendi picha za jukwaa lililojaa mabachela. Neno hilo lilituchekesha na kutuuma pamoja. Mtu ana mke Mbale, ana watoto, wa kwanza ameshaoa, lakini akishuka kwenye ndege Dubai anakuwa bachela, na kuna milango ambayo Ijumaa haimfungukii. Kiwanja kile kilikuwa mlango mmoja uliofunguka.

Watu wa chumbani wakaniuliza. Wa kwenye mabasi wakaniuliza. Mimi ndiye niliyeshika kipaza sauti, waliamini najua. Basi nikamfuata dada. Nilimkuta kwenye kafeteria ya nyuma ya maghala, ndani ya gari lake, ameshusha kioo anangoja chai ya karaki, ile ya maziwa na iliki. Nilisimama juani nikamuuliza moja kwa moja, watu wangu wanaondolewa?

Akapokea chai yake, akainywa.

"Watu wako ndio roho ya mahali hapa," alisema. "Mie nimewaambia hilo mpaka koo limenikauka. Sasa nisikilize, kakaangu. Wallahi, sauti za watu wako haziondoki kiwanjani hapa. Hilo nimelipigania na nimelipata."

Nimelirudia neno hilo mara nyingi tangu hapo. Kiswahili chetu cha Kitale ni cha kulimia. Ukisema sauti za watu, umesema watu. Nani amewahi kuona sauti imekaa kitako peke yake? Chake yeye kilikuwa cha kushonea, kila neno limepita tundu lake. Mimi nilisikia hatuondoki. Nikamshukuru, nikarudi nikawaambia hatuondoki, dada ameapa. Rafiki yangu alinipigia saluti mbele ya chumba kizima.

Ijumaa iliyofuata akaja na mafundi wakapanga maikrofoni kwenye reli ya jukwaa letu. Alisema wanatengeneza tangazo na wanataka kelele kuliko siku zote. Mechi ilikuwa baridi siku hiyo, kwa hiyo tukaombwa tuigize. Nikasema "anaiba huyo" wakati hakuna aliyeiba, nao wakapiga "mwizi" kwa furaha yote waliyokuwa nayo. Tukafanya nyumbani. Tukafanya umetuletea nini, kwanza wote pamoja, kisha rafiki yangu peke yake, kwa sababu dada aliipenda ile filimbi yake. Akairudia mara tatu, akitabasamu kama bwana harusi. Dada alipiga makofi.

Kisha tukaambiwa kiwanja kinafungwa kidogo kwa matengenezo. Nikarudishwa karakana. Katika siku hizo kampuni ya ulinzi ya rafiki yangu ikapata kazi ya lango la kiwanja, naye akapangwa hapo. Tulisherehekea kwa soda. Atakuwa analipwa kusikiliza mechi, tulisema, na sisi tutaingia tukimkanyaga miguu.

Ijumaa ya kufungua, mabasi hayakutumwa. Tulidhani wamesahau. Tukachanga teksi sisi wa Al Nahda, wengine wa Al Quoz wakaja kwa miguu, wamevaa mashati ya kutokea. Langoni palikuwa na ubao mpya. Rafiki yangu alisimama chini yake na sare iliyopigwa pasi, na alipotuona tunakuja aliangalia pembeni kama mtu anayetafuta kitu alichoangusha.

"Ni familia tu," alisema.

Mmoja wetu akamwambia aache mchezo, afungue.

"Banange, jamani, si mimi. Ni familia tu. Wameniandikia."

Tulikuwa bado tunabishana naye, nusu tukicheka, wakati nilipojisikia mimi mwenyewe nikisema ndani ya kiwanja, kwa sauti kubwa na safi: "Anaiba huyo!" Na baada yangu jukwaa zima likalipuka. Mwizi, mwizi, kamata. Niliwatambua mmoja mmoja. Mtu aliyesimama kando yangu alikuwa ndani anapiga mabati. Kelele zilikatika ghafla, kama bomba lililofungwa. Kisha, bila sababu yoyote, filimbi ile nyembamba ikaja peke yake juu ya ukuta:

"Umetuletea nini?"

Rafiki yangu alishika ukingo wa lango. Wote tulimtazama, naye alitazama ule ukuta na mdomo wake umefungwa.

Mimi nilikuwa bado na kitambulisho cha kufanyia kazi, nikaingia. Jukwaa letu lilikuwa limefunikwa kitambaa kirefu chenye jina la kampuni, mwanzo hadi mwisho, na chini ya kitambaa zilionekana spika nyeusi zimepangwa kwenye mbao tulipokuwa tukikaa. Fundi wa mitambo, Mfilipino mpole, alikuwa na vitufe vya rangi na hakujua kipi kinasema nini. Alibonyeza mwizi wakati wafagiaji wawili wanapita na fagio zao. Familia kwenye kivuli walitabasamu kwa adabu. Kibaka alikuwa kituo cha pili, akitazama kile kitambaa. Alipofika nyumbani aliingiza mkono mfukoni kwa mazoea, akautoa mtupu.

Nilimkuta dada nyuma ya chumba cha tiketi.

"Ulisema hawaondoki," nikamwambia.

"Nilisema sauti." Hakuinua macho. "Mie nilisema sauti, kakaangu."

"Siku ile ndani ya gari ulikuwa unajua?"

Angeweza kudanganya. Mpaka leo sijui kama ningependa angedanganya.

"Nilishajua," alisema. "Ningekwambia, usingewaleta kurekodi."

Kisha akanieleza, na alieleza vizuri. Wale matajiri walitaka kufunga ligi yote. Jina la kampuni ndilo lililoiokoa, na sharti lilikuwa familia. Wachezaji, wauza tiketi, mafundi, na mimi mwenyewe, wote tungekuwa nje. Meneja mkuu alitaka kelele zile ziende kabisa, aweke muziki. Ni yeye dada aliyesema hapana, bila furaha ile, mchezo huu ni watu waliosimama tu. Aliokoa kilichookoleka. Nilimsikiliza mpaka mwisho kwa sababu kila alichosema kilikuwa kweli, na ndicho kilichoniuma. Angekuwa meneja, mtu nisiyeelewana naye lugha, ningetema mate nikaenda. Huyu alichagua neno kwa Kiswahili. Alilipima kwanza, akijua nitalisikia vipi.

"Sawa, madam," nikasema.

"Usiniite hivyo."

"Sawa, madam."

Niliporudi langoni walikuwa wameshaondoka, isipokuwa rafiki yangu aliyekuwa na saa zake za kumaliza. Nilimweleza lote. Alinisikiliza huku akimfungulia lango baba mmoja aliyekuja na watoto, akamwambia karibu, sir.

"Siku nzima nafukuza watu," aliniambia, "na huko ndani naisikia sauti yangu ikifurahi. Sasa hiyo nifanyie nini?"

Chumbani nako, nilipoingia jioni, mtu akasema polepole kutoka kitanda cha juu, "Mwizi." Tukacheka wote, na mimi. Baada ya wiki mtu akalisema tena, na hakuna aliyecheka. Walikuwa wanaamini nimelipwa kwa ile siku ya maikrofoni. Nilijaribu kueleza habari ya sauti na watu, tofauti yake. Jaribu wewe kuieleza. Mzee mmoja wa Tanga, dereva, aliniambia kwa upole kwamba mwanangu, mtu akikwambia neno la kuwapelekea wenzio, mwambie alirudie mbele yao. Hakuwa na ubaya. Lakini tayari nilikuwa nakunja godoro langu.

Nikaomba kusogezwa, nikarudishwa Naif, kufunga katoni zile zile za vyombo. Rafiki yangu alinitembelea mara moja kabla ya kampuni yake kumpeleka lango jingine. Hatukuzungumzia kiwanja. Tulikula biriani, akanieleza habari za mwanawe anayetaka kuwa fundi wa simu.

Dada alikuja msimu mwingine ulipokaribia. Alinitafuta duka kwa duka, na abaya yake ilikuwa na vumbi la Naif chini. Nilimwona akikatiza kati ya mikokoteni, na mkononi ana mfuko mkubwa. Alinisalimu kama zamani, hujambo kakaangu, akauliza hali, akauliza Kitale. Kisha akasema. Zile rekodi zimechosha. Watu wa kivuli hawageuzi viti tena, na wengi hawaji kabisa. Ile kampuni yenyewe sasa inauliza vicheko viko wapi. Amepata ruhusa ya watu wachache, si jukwaa zima, safu mbili tu, wakivaa fulana za aina moja. Akauliza kama naweza kuzungumza nao. Alisema mimi wananisikiliza.

Nilikuwa nimeshika sahani, naifunga kwa gazeti. Nilimtazama. Nilimuuliza kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Umetuletea nini?"

Akacheka. Alicheka vizuri, kwa moyo, kwa sababu alikuwa anakumbuka. Kisha akaona sicheki, akaacha. Akausogeza ule mfuko juu ya meza yangu. Ulikuwa na kofia, zile zile zenye nembo, zilizobaki.

"Nimewaletea hizi," alisema. "Nikijua nyie mlizipenda."

Hakuwa anadhihaki. Alizibeba kwa miguu tangu alikoegesha gari. Nikamwambia asante, madam, aziache hapa, na kuhusu safu mbili sina mtu wa kumwambia. Alisimama kidogo, kama anayetafuta neno. Yeye, ambaye maneno hayakuwahi kumpotea. Akasema haya, Mungu akuweke, akaenda.

Mchana huo tulikuwa na shehena ya vikombe vya kioo vya kwenda Mombasa na magazeti yalikuwa yameisha. Nilizichukua zile kofia, nikazishindilia moja moja katikati ya vikombe mpaka katoni ikatikiswa isilie. Mwenye mzigo alipiga simu baadaye kutoka Mombasa. Alisema vyote vimefika nyumbani salama, hakuna kilichovunjika, na akauliza kofia ni za nani.